Mshika Antena

Alhamisi, saa mbili kasorobo usiku,
kwa karani Sifuna, nyuma ya kiwanda cha karatasi, Webuye.
Umeme uliishia ukutani mwa kiwanda,
kwa hiyo betri ya lori ililetwa kwa baiskeli
na mlango ukafunguliwa hata kwa wanaodaiwa.
Watu ishirini na sita, runinga ya inchi kumi na nne,
na mimi nje.

Nje, kwa sababu nikiushika mlingoti picha ilitulia;
nikiuachia, chenga za mchele tupu.
Khaemba, fundi wa mitambo,
alisema nina chuma kwenye damu.
"Imeshika?"
"Rudi kidogo! Si huko! Hapo hapo, usipumue!"
Basi sikupumua,
ila ile harufu ya kiwanda, yai viza,
ilijua njia yake.

Mbu miguuni. Kisha kicheko,
kikipasuka dirishani kama mahindi kikaangoni.
Kisha kimya.
Kisha kicheko cha pili, cha mtu mmoja:
Kukhu Namaemba, asiyejua Kiswahili,
aliyengoja atafsiriwe,
akacheka peke yake, kwa kuchelewa,
na nyumba nzima ikaanza upya kwa ajili yake.

Ijumaa shuleni niliigiza vipindi
ambavyo sikuona hata kimoja.
Walinishangilia.

Juzi Nelima akanipa simu.
"Baba, si ndicho hiki unachotusumbua nacho?"
Jamaa anauza mbuzi mmoja kwa watu watatu.
Suruali imemfika kifuani.
Anaanguka. Anainuka. Anaanguka.
Nikangoja.
Dakika ishirini na mbili nilingoja
kama mtu anayempokea mgeni
kwenye stendi isiyo yenyewe.

Na miaka yote hii nimemwambia kinyozi,
nimemwambia mchungaji na mke wake,
kwamba vichekesho vya siku hizi havina chumvi,
kwamba watoto hucheka kwa pua, pff, tairi lenye msumari,
kwamba sekunde thelathini haziivishi hata yai.
Shahidi mkuu,
na siku ya tukio sikuwepo.

Nelima anacheka. Si mbuzi: ni uso wangu.
Ananiwekea cha kwao, kijana wa Kisumu
aliyejifunga leso, anaiga mama yake akipokea simu ya mkopo.
"Umeelewa?"
"La."
Ananieleza. Ananieleza tena, polepole,
anayatoa maneno ya mtaani moja moja
kama anayemtolea mtoto samaki miiba.

Hapo mtandao unakwama.
Anaenda dirishani, anauinua mkono na simu,
anasimama kwa ncha za vidole.
"Imeshika?" linanitoka.
"Nini?"

Chuma kwenye damu, Khaemba!
Nacheka peke yangu, nimechelewa miaka thelathini na kitu,
na yeye, mkono bado juu,
bila kujua kisa,
anaanza.