Mgwisho

Kila Jumatatu, wageni hawapo,
napangusa tandiko la farasi aliyeitwa Sultani.
Jina lake limechongwa kwenye kibao cha shaba,
shaba ya hapa hapa Lubumbashi. Aliyeichimba
hana kibao.

Chumba kinanuka nta na panya.
Kuna vikuku, hatamu, tarumbeta iliyobonyea,
na picha ya wapanda farasi kumi na wawili,
masharubu yamesimama imara kuliko wao.
Pembeni kabisa, mkono mmoja mweusi
umeshika lijamu. Mwenye mkono
amekatwa na fremu.

Mvua ya kwanza ya Oktoba
ilimleta Nkambo Ngosa kutoka Ruashi,
viatu mkononi, asichafue sakafu yangu.
Mapanga hakuyatazama.
Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mkono,
akaweka kidole juu ya kioo:
"Uyu ni tata ya mama yangu.
Hakupandaka farasi hata siku moya."

Kazi yake ilikuwa kutangulia kwa miguu
na tawi la majani, kufukuza mbung'o.
Lakini mbung'o hajui cheo wala bendera.
Farasi walianguka mmoja mmoja njiani,
wa mwisho Sultani. Chola akaamriwa achimbe kaburi,
na kabla hajafukia, akakata mkia.

Kisha malale yakamfuata na yeye.
Akawa analala mchana, motoni,
tonge la bukari mkononi, halijafika mdomoni.

Nkambo akafungua kitenge.
Mgwisho: singa nyeusi, mpini wa mti wa muninga,
umelainishwa na kiganja kimoja.
"Muweke apa."

Mkurugenzi aliuliza karatasi iko wapi.
Kitu kisicho na karatasi, alisema, ni takataka,
na takataka ni kazi yako, Kabeya.

Sawa. Ni kazi yangu.
Funguo za kabati ninazo mimi.

Sasa uko juu ya tandiko, bila maelezo, bila namba.
Jana wanafunzi wa Katuba walipita wakisukumana,
msichana mmoja akabaki nyuma:
"Na hiki ni cha nini?"
"Cha kufukuza nzi."
Akacheka, akakimbilia wenzake.

Mimi nikabaki nikitazama singa.
Mlango ulipofungwa zilitikisika kidogo,
na nzi aliyekuwa juu ya kioo
akaruka.