Mzungu wa Nne

Mwaka ule upepo wa Oktoba uliezua bweni letu,
mabati tukayaokota hadi kule kwenye reli,
na sisi ishirini na wawili tukahamishiwa bweni la Igombe,
vitanda ishirini na sita, kila kimoja na mwenyewe.
Matroni Milembe akahesabu, akahesabu tena,
akasema: "Mtalala mzungu wa nne."

Vinne vilibaki na mtu mmoja mmoja. Vya viranja.

Mimi nilipewa miguu ya Misoji wa Urambo.
Kisigino chake cha kushoto kilikuwa na ufa
kama tope la bwawa kabla ya mvua,
nami nilikijua kisigino kile
kabla sijaijua vizuri sura yake.

Jumatatu, Mwalimu Bitariho akafuta ubao wote:
kiini katikati, elektroni kwenye duara zake,
mchoro tuliopatia alama tangu kidato cha pili.
"Futeni na nyie. Hakuna njia, hakuna reli.
Kuna mahali zinapopenda kuwa, basi,
kama moshi wa jikoni kwetu Kasulu:
mzito hapa, mwepesi pale,
na mpaka wake usiniulize."

Kisha: "Nani kalala vizuri?"
Kimya.
"Safi. Leo nyie ni oksijeni."

Akaita wanane. Ndoo ya chaki ikawa kiini.
Wawili benchi la karibu, migongo imegeuziana.
Wawili la nyuma yake, vivyo hivyo.
Tukabaki wanne na madawati matatu.
Mmoja akakaa. Mmoja. Mmoja.
"Naitrojeni ingeishia hapa, imetulia zake," alisema,
"ila sisi tuna huyu."
Huyu nilikuwa mimi.
Nikaenda kwa Misoji. Akasogea bila kunitazama,
akageukia upande wa pili, kama usiku.

Ndipo akatuandikisha, akigonga meza kwa rula:

*Pale chini ndipo anza, palipo nishati haba,*
*Kila mtu chake kwanza, msiache cha akiba,*
*Wawili wakijibanza, miguu kwa kichwa, baba,*
*Wa tatu hapati pake, hata akilia mwaka.*

Tukacheka hilo "baba", wasichana watupu.
"Vina vilinibana," alisema, akacheka na yeye.

Halafu akachora vibuyu viwili vimegusana midomo.
Elektroni moja, pande zote mbili,
na pale katikati haipatikani kamwe.
Nikanyoosha mkono: sasa inavukaje?
Treni ya Kigoma ilikuwa inapiga honi stesheni.
Akaisubiri imalize.
"Swali lako lina kosa ndani yake," alisema,
"lakini nalipenda."

Usiku tochi ya matroni ilipita kitanda kwa kitanda.
Kabla haijatufikia tulikuwa kokote:
jikoni kwenye ukoko wa ugali, dirishani,
Misoji kwao, kwenye bani la tumbaku la baba yake.
Mwanga ukigusa shuka, tupo. Wawili.
Kichwa huku, kichwa kule.

Februari bati jipya likapigwa, vitanda vikaletwa.
Kila mtu chake kwanza; kanuni ni ile ile.
Sikulia. Nilitandika.
Mwezi wa nne Misoji hakurudi kutoka likizo.
Tumbaku yao ilikataliwa sokoni, tulisikia,
na tulisikia mengine pia.

Leo ni mimi ninayeweka ndoo ya chaki mezani.
Nawaambia elektroni hazina majina,
ukizibadilishana mbili usiku, asubuhi
hakuna kipimo duniani kitakachokuambia.
Ni kweli. Nimesahihisha mitihani kwa ukweli huo
miaka kumi na mmoja.

Lakini nyumbani Isevya, kitanda cha futi tano kwa sita,
bado nalala ukingoni,
na mguu ukiteleza upande wa pili wenye baridi
unatafuta ule ufa.