Namba za Kurudi Nyuma

Jumanne, saa kumi, upepo wa Punta Arenas
umeshamvua mtu kofia, inabingirika barabarani,
nasi tumeshika kamba iliyofungwa nguzo kwa nguzo
ili watu wasipeperushwe. Nicanor mbele, mimi nyuma,
vidole vyangu vikinuka kaa wa kiwandani
hata baada ya sabuni mara tatu.

Chumba kiko juu ya duka la fundi viatu.
Bi Yasna ana kadi, ana saa ya kuhesabia sekunde,
ana shanga za rangi ndani ya bakuli la supu.
"Saba, mbili, tisa. Nirudishie kinyumenyume."
Mwanangu anafumba macho kama anayemeza kidonge kikubwa.
"Tisa," anasema. "Tisa..."
Chini, nyundo inagonga kisigino.
"Tisa. Nyingine zimetoroka."

Hamkaripii. Anaweka alama ndogo kwa penseli.
"Zimetoroka kabisa, au zimejificha?"
Naye anawaza kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia.
"Mbili imejificha."
"Basi kaitafute."

Shuleni waliandika: mvivu. Mwaka uliofuata: mvivu sana.
Baba yake aliisoma ripoti akiwa wima, hajavua koti,
akasema baridi na kazi vitamnyoosha.
Mimi nilikuwa nafuta meza iliyokwisha kutakata.

Niseme hili haraka, kabla sijajuta.
Wiki ya tano, jikoni, birika likilia,
Nicanor akashika kadi, akawa yeye mwalimu.
"Mama. Nne, moja, nane, tatu."
Nikafungua mdomo. Nne ilikuwepo. Moja...
Palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango, ukuta.
Nikaliona dawati la nyuma, masikio ya punda ya karatasi,
mwalimu anacheka na darasa linamsaidia kucheka.
Nikajua kwa nini kiwandani nahesabu makasha kwa vistari
nilivyochora kiganjani, kwa nini Ximena hunisomea zamu.
Miaka thelathini na nne nimeuita ujinga,
nikaupa chumba, nikaupikia.

"Zimetoroka?" akauliza.
Nikaitikia kwa kichwa.
"Anza na ya mwisho, mama. Ya mwisho bado ina joto."

Sasa ni wiki ya kumi na saba, na si muujiza.
b na d bado zinabadilishana viatu,
jedwali la saba bado linamliza,
na Bi Yasna hasemi "atapona", husema "Jumanne ijayo".
Jana nilimtuma vitu vitano bila karatasi:
mkate, chumvi, kitunguu, mishumaa, kiberiti.
Akaleta vyote vitano.
Chenji akaiacha dukani.

Tunarudi nyumbani, kamba inatetemeka mikononi.
Tulipokuja tulihesabu nguzo kumi na moja,
kurudi tunazianzia mwisho, kwa zamu.
"Kumi na moja."
"Kumi."
"Tisa."
Hapo upepo ukanipiga kinywani, nikapotea.
Akasimama, mkono kwenye kamba,
akaningoja.