Maji ya Waya wa Njano

Kaka Chilewa amehamia Ilazo,
kanunua runinga pana kama mlango wa zizi,
inchi hamsini na tano, bapa, haina chogo.
Akanipigia: Nyemo, njoo na bisibisi,
nimeikuta ile mashine ya kaseti
kwa mama, chini ya viroba vya uwele.

Nikapuliza kaseti kwanza, kwa mazoea,
ingawa fundi aliye ndani yangu anajua
mate ni kutu. Nikayafuta meno yake kwa spiriti,
pamba ikatoka na vumbi jekundu la Kikuyu,
vumbi la mwaka tisini na saba.

Tukawasha.
Nguchiro wetu, yule mwembamba wa mkoba mwekundu,
katokea amevimba, mfupi, mpana,
kama aliyekula harusi tatu mfululizo.
Rangi zimechujuka kama kitenge cha kudekia.
Kaka akabonyeza: ruka.
Nguchiro akafikiri. Akaruka
alipokwisha kutumbukia.

"Imezeeka," akasema Chilewa.

Haijazeeka. Haisikilizwi.
Mashine inasema mistari mia mbili na arobaini,
inaisema mara hamsini kwa sekunde, haikohoi,
na hii runinga yako, msomi aliyesahau kwao,
inaipokea, inaitafsiri, inaipaka mafuta,
inaivuta ijae ukuta, ndipo inaonyesha.
Kati ya kidole na mruko
kuna ofisi nzima, na karani, na muhuri.

Nikaingia kwenye menyu.
Nikazima kulainisha. Nikazima kunogesha rangi.
Umbo nikalirudisha nne kwa tatu,
pembeni vikabaki vipande viwili vya giza.
"Na hapo nimelipia," akalalamika.
Basi umelipia giza pia. Nguchiro hakai huko.

Wiki ya pili kisanduku kikaja na basi
kutoka Kariakoo, kimeviringwa kwenye soksi,
kidogo kama kiberiti, bei kama mbuzi.
Kinapokea nyekundu peke yake,
kijani peke yake, buluu peke yake,
na kila mstari kinaurudia ulivyo, hakiongezi neno.
Nikachomelea risasi mpaka jua likahamia dirisha la pili.

Loh!
Picha ikasimama kama iliyochanjwa kwa wembe.
Kila tofali na pembe zake nne.
Kumbe nguchiro ana kope. Miaka yote ile, ana kope!
Chilewa akapiga magoti mbele ya kioo,
ofisa mzima wa Mtumba, na tai yake shingoni.

Tukafika hatua ya tatu. Maporomoko.

Lazima ujue: Kikuyu, bomba la mtaa lilitoa maji
Jumanne, saa nane usiku, likipenda.
Tulipanga ndoo, tukawasha chogo tusisinzie,
sauti chini, baba asiamke,
na kwenye kile kioo kilichotuna maji yalishuka
meupe, mepesi, mwamba unaonekana nyuma yake,
nguchiro akapita ndani yake akang'aa.
Chilewa alikuwa akiusimamisha mchezo hapo.
Tukayatazama tu.

Sasa hapakuwa na maji.
Palikuwa na vijiti: mstari mweupe, nafasi,
mstari mweupe, nafasi,
ua wa mabua uliosimikwa juu ya mwamba.
Mchoraji hakuwahi kuwa na maji.
Alikuwa na vijiti, na aliujua waya wa njano,
alijua unavuja, unachanganya,
alijua chogo halioni sawasawa,
akauachia upofu huo kazi ya mto.

Kaka hakusema kitu. Aliniangalia
kama mtu aliyefungiwa bomba.

Nikakichomoa kisanduku cha bei ya mbuzi.
Umbo nikaliacha. Giza la pembeni nikaliacha.
Wepesi wa kidole nikauacha.
Nikarudisha waya mmoja, ule wa njano,
wenye kichwa kilichotafunwa na panya.

Chenga kidogo. Ukungu kidogo. Kope zikapotea.

Kisha maji.

Chilewa akabonyeza: simama.
Jikoni kwake, ndoo zilikuwa zimeshajipanga;
ilikuwa Jumanne.