Daftari la Wateja

Mimi ni fundi wa friji, Mbagala Kizuiani.
Kazi yangu ni sikio.
Nikiinamia kompresa najua, kabla sijagusa skrubu,
kama gesi imekwisha au beringi imelika.
Lakini wewe, Sikudhani, mwenye siku tatu duniani,
umeniletea mashine isiyo na mwongozo.

Usiku wa kwanza ulikoroma kama mzee aliyeshiba ubwabwa.
Ukapiga chafya mbili, ukapata kwikwi,
ukajikunja, ukaguna mpaka nikawasha taa,
kumbe unahangaika na choo tu.
Kisha ukapumua mbiombio, kama mtu anayewahi pantoni,
kisha ukanyamaza.

Ukanyamaza.

Feni inazunguka. Nne, tano, sita,
nilifika saba, mkono uko njiani kukutikisa,
ukavuta hewa kana kwamba hukuwa umekwenda popote.

Bibi yako akasema gizani:
"Anajifunza kupumua. Na wewe jifunze kulala."

Sikulala. Kulipokucha nikawa wa kwanza zahanati.
Nesi Felista alicheka, si kwa dharau.
"Pua yake ni tundu la sindano, baba.
Hewa ikikutana na tone la maziwa lazima ipige filimbi.
Na mapafu ni mageni kazini:
yanakimbia, yanapumzika kidogo, yanakimbia tena.
Rangi yake ikiwa ileile, akiamka akanyonya, mwache."
Kisha akaiweka kalamu chini.
"Ila usisikilize tu. Funua nguo, tazama.
Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo,
tundu za pua zikitanuka,
mguno ukiwa wa kila pumzi, si wa kujikamua,
akisusa ziwa, akichemka au akipoa kama maji ya mtungi,
ulimi ukiwa kama wa mtoto aliyekula zambarau,
kimya kikipita kumi,
usichemshe chai. Njoo.
Na uhesabu dakika nzima, akiwa ametulia.
Ikifika sitini, rudia. Isiposhuka, njoo hata usiku."

Sikuwa na karatasi nyingine. Nikaandika kwenye daftari la wateja:

*Mama Chausiku, friji ndogo, elfu kumi na tano bado.*
*Sikudhani, 44.*
*Bucha ya Kizinga, kubadili gesi, kalipa nusu.*
*Sikudhani, 51, katoka kunyonya.*
*Sikudhani, 39. Anakoroma.*

Usiku wa kumi na moja niliamshwa na kelele iliyokosekana.
Hakuna filimbi, hakuna mkoromo.
Pumzi nyepesi, za haraka, kama kitu kinachokwaruza karatasi.
Nikahesabu: sitini na nane.
Rudia.
Sabini na moja.
Nikafunua. Chini ya mbavu zako palizama shimo
la ukubwa wa kijiko cha chai, likajaa, likazama.
Mwantumu akakupa ziwa, ukageuza uso.

Bibi alikuwa ameshika mvuje, tayari kuufunga mkononi mwako.
Akauweka juu ya redio, akajitanda khanga.
"Utatukuta tukirudi. Twendeni."

Bajaji ya Zuberi, Barabara ya Kilwa, mvua,
mataa mekundu ambayo Zuberi hakuyaona.
Temeke wakakufunga kidude chenye taa nyekundu kidoleni,
wakakutia mrija puani mwembamba kama waya wa rimoti.
Nikasimama nimeficha mikono yenye grisi nyuma.
Daktari aliuliza mmoja tu swali: "Mlihesabu?"
Nikampa daftari.
Akasoma mpaka na deni la Mama Chausiku.

Siku sita.
Sitaki kuziandika.

Sasa ni saa nane usiku, umelala kati yetu,
na unakoroma tena, mshenzi mdogo, unakoroma,
unapiga chafya, unaguna, unanitolea kila aina ya hitilafu
ambayo kwa friji ningemwambia mteja: hii haifai, nunua nyingine.
Mwantumu ananisukuma kwa kiwiko: "Umehesabu ngapi?"

Arobaini na sita.

"Basi zima tochi."

Nimezima. Nahesabu gizani.