Mita ya Kwihara

Nilitumwa kuunganisha bomba, kiwanja namba kumi na tisa,
nyuma ya ukuta wa udongo uliobakiza vizingiti viwili
na ubao wa mlango uliochongwa mitende.
Mitende, huku kwenye miyombo!
Sururu ikagonga chokaa.

Ulikuwa mfereji mwembamba, upana wa kiganja,
umenyooka kama mstari wa msahafu.
Nikaufuata kwa magoti
hadi birika lililolala chini ya majivu na maganda ya karanga.
Hatua nne kwa mbili. Kina, goti langu.

Hapa Bwana Ghafiri alijijengea pepo ndogo:
ua katikati ya tembe, mikomamanga, asumini,
kivuli kilichopimwa kwa kamba,
maji yatulie mpaka mbingu ishuke kuoga,
naye aegemee mto, asikilize mchirizi,
asahau miezi mitatu ya vumbi toka pwani.
Namsifu aliyeujenga. Mwinamo ule,
kidole kimoja kwa kila hatua kumi,
mimi na pima-maji yangu sijui kama ningeuweza.

Lakini fundi huuliza: chanzo kiko wapi?
Mto hakuna. Kisima kiko bondeni,
mwendo wa sufuria ya maharage kuiva.

Chanzo kilikuwa Kabula.
Jina la mvua, kwa Kinyamwezi.
Bibi wa bibi yangu. Picha hatukuachiwa;
tumeachiwa msemo tu, wa nyumbani kwetu,
mtu akibeba asichokilalamikia:
huyo ana shingo ya Kabula.

Nikapiga hesabu kwa penseli, juu ya bomba jipya:
mitungi mia mbili na hamsini kulijaza.
Kisha jua lichukue lake,
mikomamanga ichukue yake,
na udhu, mara tano.
Kulijaza hakuishi.
Sijui kama aliwahi kujitazama humo
kabla ya kumimina mtungi uliofuta uso wake.

"Fundi, bado tu?" Bi Zuwena, ndoo ya plastiki mkononi.

Nikafungua koki. Hewa ikakohoa.
Maji mekundu, kisha ya maziwa, kisha maji.
Uzi mmoja ukapotea njia, ukaingia mfereji wa kale,
ukaenda taratibu, kama anayekumbuka,
ukanywewa na majivu kabla ya kufika.

Nikatoa fomu. Usomaji wa kwanza wa mita:
sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
Kalamu ikagoma.