Kona Hamsini za Vršič

Nimezihesabu mwenyewe: kona hamsini
toka Kranjska Gora hadi bonde la Trenta,
kila moja na kibao chenye namba,
usije ukasingizia kupotea.

Kaka yangu Gorazd kaja toka Stuttgart
na gari jeusi, pana, tumbo karibu na lami.
Farasi mia tano, asema,
kabla hata hajanisalimu.
La kwangu ni Fičo, Zastava ya mwaka sabini na mbili,
rangi ya maziwa yanayotaka kuganda,
farasi ishirini na watano,
na mmoja wao nadhani ni punda.

Tuliondoka pamoja. Akayeyuka kona ya kwanza,
ikabaki ngurumo ikijigonga miambani.
Nami nikapanda: gia ya pili, ya kwanza, ya pili,
nimeinama mbele
kana kwamba kichwa changu kingeongeza nguvu.
Kifuniko cha nyuma nimekitegemeza kwa kijiti
injini ipate pumzi,
kijiti kile kile alichochonga baba.

Kona ya kumi na saba nikamkuta.
Kondoo. Kondoo arobaini na mbwa asiye na haraka,
na farasi mia tano nyuma yao, wakikoroma.
"Gia ya tatu," akasema dirishani, "sijaigusa bado."
Sikumcheka.
Mimi nilikwisha gusa kila nilicho nacho,
hata sala.

Lakini sitaki kuwa mwongo.
Usiku ule wa Februari, mama alipobanwa kifua,
Fičo huyu huyu alikohoa mara kumi na moja ndipo akawaka.
Baba usukanini, sisi wawili nyuma, magoti kwa magoti,
na taa za hospitali ya Jesenice
zikikataa kusogea.
Usiku ule ningewauza wote ishirini na watano
kwa dakika tano za gari jeusi.

Hatujawahi kulizungumza.
Mimi nilibaki na gari.
Yeye alibaki na haraka.

Kileleni, upepo ukipekua makoti yetu,
akanyoosha mkono bila kunitazama: "Nipe ufunguo."
Akajikunja mle ndani, magoti masikioni,
mtu wa miaka hamsini na minne.
Fičo akakohoa mara moja.
Mbili.
Tatu.
Tukahesabu kimya, kila mtu upande wake wa kioo.
Kwenye ya nne akawaka.

Gorazd akashuka nalo taratibu, honi ikilia kama mbuzi,
akaniacha na ufunguo wake usio na meno,
nikilizunguka lile jeusi,
nikitafuta mlango unafungukia wapi.